Mgeni wa "likizo" aliyeulizia banda la nyuma ambalo sikulitangaza

Wakuu, Assalaam alaykum, na habari zenu nyote wa visiwani na wa bara.

Mie humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka na comment zenu, nalala. Leo nashusha uzi kwa sababu hili jambo limenikaa kooni na sina wa kumhadithia hapa nyumbani.

Hii si chai ya kutunga. Nilichobadilisha ni majina tu, maana Pemba ni ndogo na kila mtu ana simu.

Nna nyumba Shumba Viamboni, kaskazini ya Pemba, ufukweni kabisa. Tuliijenga mie na marehemu mume wangu, Faki. Alipofariki watu wakanijia na ushauri wao: uza, mwanamke peke yako utaiweza wapi? Nikawaambia siuzi. Nikapaka rangi, nikatia vitanda na neti nzuri, nikaitangaza online kama holiday home.

Alhamdulillah, watu wanakuja. Wazungu wanakuja, familia za Dar zinakuja, Wapemba wa Uarabuni wanakuja na watoto wao wanaoshangaa pweza kama wameona jini.

Nyumba hiyo ndiyo inayonisomeshea mabinti zangu. Sina mshahara, sina shamba la maana. Ikitiwa kufuli leo, wanangu wanarudi kukaa nami jikoni. Lishikeni hilo, ndo mtaelewa kwa nini nilikuwa mkali kiasi kile.

Mie mwenyewe nakaa Wete. Anayeishi na nyumba kule Shumba ni shemegi yangu Kombo, mdogo wake marehemu. Kwake ni hapo hapo jirani. Yeye ndiye anayepokea wageni, anayehangaika na pampu ya maji, anayejua fundi gani wa umeme ukimwita asubuhi anakuja siku nyengine. Mkewe, Bi Time, ndiye anayepika.

Kombo alichimba msingi wa nyumba ile kwa mikono yake. Kakaye alipoumwa, alimbeba mgongoni kumpeleka garini. Bila Kombo ile si holiday home, ni kuta na popo.

Haya, tuje kwenye mada.

Nyie mliomo kwenye biashara hii mnawajua matapeli wa kawaida. Yule wa "nimekutumia pesa zaidi, nirudishie". Yule wa link. Yule "daktari" anayemletea bibi harusi wake sapraizi lakini anataka namba ya kadi yako ya benki. Hao siwaandikii leo. Hao mie nawajua kwa salamu tu, na wengine nawajibu kwa kuwachezea mpaka wananitukana wenyewe.

Huyu wa leo hakuomba kitu. Hapo ndipo palipoanza kuniwasha.

Ilikuwa msimu wa karafuu, na mwaka ule karafuu zilizaa, nyie acheni. Kisiwa kizima kinanukia. Barabarani majamvi ya karafuu yametandazwa juani mpaka unaona tabu pa kukanyaga. Msimu kama huo wageni wa kwetu wanapungua, kwa sababu kila mwenye jamaa Pemba anakuja kuchuma, haji kulala ufukweni.

Ikaingia WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. Jina Nassor, picha ya maua. Salamu ndefu ya kiislamu, imekamilika mpaka barakatuh. Anasema ni mfanyabiashara wa Dar, anataka nyumba nzima kwa likizo ya familia, yeye na mke na watoto, wiki kadhaa.

Nikamtajia bei. Akasema sawa.

Wakuu, sawa! Hakuomba hata punguzo la adabu. Mie nimezaliwa Gando, nimekulia kwenye kuvutana bei, hata dawa ya panya tunaombana bei. Mtu wa kwetu anayekubali bei ya kwanza ama ana haraka ama ana jambo.

Lakini nikasema, labda ana uwezo wake. Si kila mwenye pesa mwizi.

Sasa, mgeni wa likizo ana maswali yake. Nimeyazoea mpaka nayajibu na macho nimefumba. Internet ipo? Umeme unakatika? Kuna mbu? Bahari inaogeleka? Watoto watapata chips? Ukija na mke, chumba kikubwa kina choo ndani?

Nassor hakuuliza hata moja.

Aliuliza uwani pana sakafu ya saruji au mchanga. Nikamjibu saruji. Akauliza jua linapiga saa nyingi? Nikajiambia, labda mkewe anafua sana.

Akauliza maji ya bamvua yanafika wapi. Yaani maji yakijaa kabisa, boti inaweza kusogea mpaka mbele ya nyumba?

Hapo nikaweka simu chini, nikaiangalia kama imenitukana.

Kwanza, mtu wa Dar anayekuja kupumzika analijulia wapi neno bamvua? Watalii huniuliza "high tide", na hata hiyo huniuliza baada ya kuona bahari imekimbia. Pili, boti ya nini? Nikamuuliza kistaarabu, "Mnapenda kuvua?" Akajibu, "Inshallah, tutavua kidogo."

Kisha akaja na jengine. Hawataki mpishi. Hawataki mtu wa kufagia. Hawataki mtu yeyote kuingia muda wote watakaokuwepo, kwa sababu mkewe ni mtu wa stara.

Stara naijua, mie mwenyewe ni mtu wa stara. Lakini mwanamke mwenye stara anafagiliwa na mwanamke mwenziwe, haoni tatizo. Asiyetaka hata mwanamke mwenziwe aingie ana kitu uvunguni.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: karafuu Zanzibar haiuzwi kwa mtu, inauzwa serikalini. Ukiibeba gizani ukaivusha bahari kwenda upande wa pili, hayo ni magendo. Na kaskazini ya Pemba ndiko kwenye njia. Saruji na jua ni vya kuanikia, bamvua ni la kusogezea boti ya kupakia. Magunia yakikamatwa ndani ya nyumba, aliyeyaweka kashakimbia zamani. Anayebaki ni mwenye nyumba, na nyumba yake ndani ya kesi.

Kuna mkuu atasema hapo chini kwamba nawaza sana. Sawa. Nawaza sana ndo maana bado nna nyumba.

Hata hivyo, mpaka hapo nilikuwa nayo shaka tu. Shaka si ushahidi. Nikawa namjibu pole pole, nimvute aseme zaidi. Akasema.

Siku moja asubuhi, nakaanga maandazi, ikaingia meseji yake. Nainukuu kama ilivyo, maana niliisoma mpaka maandazi yakaungua:

"Mama, na lile banda la nyuma, mlango wake bado wa bati?"

Wakuu.

Lile banda sijalitangaza popote. Lipo nyuma ya nyumba, Faki alilijenga kuwekea karafuu zake kabla hajazipeleka kituoni kuuza. Leo naweka magodoro ya ziada na ndoo. Si kitu cha kumuonesha mgeni, lina buibui mpaka linatisha. Nilirudi kwenye tangazo, nikapitia picha moja moja, nikazivuta kwa vidole mpaka zikawa ukungu. Hakuna banda. Hakuna hata kivuli chake.

Na neno lililonitia baridi ni lile "bado". Bado wa bati! Ni kweli ulikuwa wa bati zama za Faki. Tuliubadilisha baada ya msiba. Kwa hiyo huyu mtu, au aliyemwambia huyu mtu, aliijua nyumba yangu kabla haijawa ya wageni.

Nikamuuliza, banda gani hilo? Akajibu haraka, "Samahani Mama, nilichanganya na nyumba nyengine."

Haya.

Sasa ndo nikaanza kuhesabu watu kichwani. Nani anaijua nyuma ya nyumba yangu? Nani ana ufunguo? Nani msimu wa karafuu anaona watu wanapata na yeye anafagia mchanga wa wageni?

Kila nikizunguka, narudi kwa Kombo.

Sikutaka. Wallahi sikutaka. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kuambiwa toka. Nikaanza kukumbuka mambo: simu yake siku hizi inakuwa bize. Alipaka nyumba yake rangi. Mwezi uliopita aliniambia, "Shemegi, ungeipa nyumba mapumziko msimu huu." Lile neno la mapumziko sasa likawa linasikika vyengine kabisa.

Nikasema nitamtega.

Nilishawahi kusikia mbinu hii: mtu unayemshuku mwambie jambo la uongo, umwambie yeye peke yake. Likirudi kutoka kwa adui yako, umempata. Nikaona hapo nimepiga bao.

Nikampigia. Nikamwambia, Kombo, hili liwe baina yetu mie na wewe, usimwambie mtu. Nataka kuleta mbwa wa ulinzi pale nyumbani.

Nikamsikia anaweka kitu chini.

"Mbwa, shemegi?"

"Mbwa, Kombo."

"Huyu mbwa wa miguu minne?"

Nikataka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia ndiyo, mkubwa, anatoka Unguja, atafungwa pale nyuma. Akasema astaghfirullah kwa sauti ya chini, akaniaga kwa adabu, akakata.

Kwa nini mbwa? Nilitaka jambo ambalo mtu hawezi kulibahatisha. Nani Pemba ataota tu kwamba Bi fulani analeta mbwa? Ningesema natia kamera, mtu yeyote angeweza kubuni. Mbwa habuniki.

Kesho yake, hata adhana ya adhuhuri bado, Nassor huyo:

"Mama, tumesikia mtaweka mbwa. Watoto wangu wanaogopa sana. Anaweza kuahirishwa?"

Nilikaa chini pale pale jikoni. Sikulia, nilishikwa na hasira. Kombo! Aliyembeba kaka yake mgongoni! Nikajiona mjinga, nikamuonea huruma Faki kaburini, nikawaonea huruma wanangu. Kila kitu kwa pamoja.

Sikumpigia. Nikavaa buibui, nikachukua gari mpaka Konde, nikapanda bodaboda mpaka Shumba. Njia nzima nampangia maneno.

Nikamkuta uwani kwake anashona neti ya mgeni iliyochanika. Bi Time yupo anachambua mchele. Sikukaa. Sikuitikia karibu ya maji. Nikanyoosha mkono nikasema nataka funguo zangu.

Akaniangalia. Akaingia ndani, akatoka nazo, akaniwekea mkononi. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika humu. Nilimtaja na kakaye. Bi Time aliuacha mchele, akasema, "Dada, haya unayosema unayajua?" Nikamwambia nayajua.

Kombo alirudi kukaa, akaichukua ile neti, akaendelea kuishona. Mie nikaona ule ukimya ndo ushahidi wenyewe.

Nikatoka hapo moja kwa moja kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Kwetu huku mgeni akilala kwako sheha anapaswa kujua, kwa hiyo nilitaka nimpe habari za huyu Nassor kabla hayajaharibika. Na ukweli, nilitaka pia nimtaje Kombo.

Nabisha hodi, sheha kunitia machoni tu akaanza kucheka.

"Karibu mwenye mbwa!"

Nikasimama mlangoni. Nikamuuliza, kakwambia nani?

"Kaniambia nani? Shumba nzima inajua. Kombo kauliza msikitini."

Wakuu, naomba nipumue kidogo.

Kumbe siku ile ile niliyompigia, Kombo alikwenda kusali alasiri. Imamu alipomaliza dua, Kombo akasimama mbele ya watu akauliza: Shehe, shemegi yangu mjane ana nyumba ya wageni, wageni wengine wanasali mle ndani, na anataka kuweka mbwa wa ulinzi. Je, ana ruhusa? Na mie ninayemuangalizia, nikimlisha, kanzu yangu ikiguswa, nifanyeje?

Shehe akamjibu vizuri tu. Wa ulinzi ana ruhusa, ila akae nje, asiingie panaposaliwa. Mzee mmoja akasema ni bora geti. Mwengine akasema mjane ana haki ya kujilinda. Wakajadiliana, wakatoka nje bado wanajadiliana, mjadala ukafika dukani, ukafika pwani. Sheha anasema ilifika mpaka Micheweni, watu wanaulizana ni mbwa wa rangi gani.

"Na alikutetea," sheha akaniambia. "Kuna mtu alitaka kukucheka, Kombo akamwambia yule mwanamke ana watoto, mwacheni."

Nilimwambia usimwambie mtu. Kweli hakumwambia mtu. Aliuliza hukumu. Kwa Kombo, kwa mtu yeyote wa kwetu, mbwa si suala la ulinzi, mbwa ni suala la dini, na suala la dini unalipeleka msikitini. Yeye hata hakuona kama ametoa siri. Na mie niliyezaliwa hapa, niliyefunzwa chuo cha Kurani kuhusu mbwa kabla sijajua kuandika jina langu, ndiye niliyechagua mbwa!

Ningemwambia natia kamera angenyamaza mpaka leo.

Na lile banda? Sheha akanikumbusha kitu nilichokuwa nakijua siku zote. Zama za Faki nusu ya Shumba walikuwa wanakuja kumsaidia kubeba magunia. Kila mtu aliujua ule mlango wa bati, ulikuwa unapiga kelele upepo ukivuma. Na kama ni Kombo ndiye aliyemwambia Nassor, angemwambia mlango ulibadilishwa, kwa sababu Kombo ndiye aliyeubadilisha.

Hilo lilinipita. Lilikuwa mbele ya macho yangu, likanipita.

Aibu niliyoisikia pale kwa sheha sijawahi kuisikia. Nilitamani ardhi inimeze na buibui langu.

Sheha alipoacha kucheka nikamuonesha zile meseji. Akazisoma na miwani, uso ukabadilika. Akasema mwandikie hivi. Nikaandika mbele yake:

"Karibu sana Bwana Nassor. Mbwa hatuleti. Sheha wetu mwenyewe atakuja kukupokea siku ya kufika pamoja na vijana wa ulinzi wa shehia, mkaribishwe vizuri. Naomba vitambulisho vya watu wazima mapema."

Tiki zikawa bluu. Akawa anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha.

Kisha ile picha ya maua ikatoweka. Akaniblock.

Kabla msimu haujaisha, kuna nyumba moja mbali kidogo na kwetu, nayo ya kukodisha, ilikutwa na magunia ya karafuu vyumbani, yamefunikwa magodoro. Wapangaji walikuwa "familia ya likizo". Hawakukutwa. Mwenye nyumba ndiye aliyekutwa, na nilivyosikia bado anakwenda na kurudi kujieleza. Sisemi ni Nassor yule yule. Sijui, na hakuna mtu mwenye picha yake. Nasema tu nilikaa kitandani nikashika kifua.

Na jengine halijaniacha. Yule mtu aliyempelekea Nassor habari ya mbwa sijamjua mpaka leo. Katika ile safu ya alasiri kuna mtu alimsikiliza Kombo, akaitikia dua, akavaa viatu vyake, akaenda kumwandikia Nassor. Nikienda Shumba sasa wananisalimia wote, "Wambaje Bi mkubwa", nami naitikia wote, na kila mmoja namtazama mara mbili.

Sasa wakuu, nyumba ilipona. Tumalizie la Kombo.

Nilikwenda kumuomba radhi. Sikwenda mikono mitupu, nilichukua halua, nikamchukua na mama yangu mdogo, mtu mzima anayeheshimiwa, kama inavyotakiwa. Bi Time alitupokea vizuri, ingawa hakunitazama usoni. Kombo akaja akakaa. Nikasema yote. Kwamba nilimshuku, kwamba nilimtega, kwamba yule mbwa hakuwepo, alikuwa mtego wake yeye.

Alikuwa hajui. Wakuu, alikuwa hajui kama ni mtego! Mpaka dakika ile alidhani nilikasirika kwa sababu aliuliza msikitini, na alikuwa amejiandaa kuniomba radhi mie kwa kulitoa nje jambo langu.

Akaisogeza ile halua pembeni. Kisha akasema:

"Shemegi, yule wa kwenye simu humjui kwao, humjui uso. Yule ulimuuliza maswali mpaka akachoka mwenyewe. Mie hukuniuliza hata moja."

Mama mdogo ndiye aliyesema "samehe mwanangu", akasema amesamehe. Na Kombo akisema amesamehe, amesamehe, si mtu wa kuweka kinyongo. Nikamnyooshea funguo. Akasema mpe Time azishike.

Basi.

Sasa kwa wenye nyumba za kukodisha, nilichojifunza nakiweka hapa mkichukue. Mgeni wa likizo anauliza mambo ya kustarehe. Anayeuliza mambo ya kubebea na kushushia mzigo, muulizeni zaidi. Asiyetaka mtu yeyote aingie, mtajieni kiongozi wa mtaa kwamba atakuja kumsalimia, muone kama bado anataka kuja. Na anayejua kitu ambacho hamkumwambia, huyo msimjibu chochote mpaka mjue kakijulia wapi.

Lakini mkishafika kwenye kujiuliza kakijulia wapi, msikimbilie mtego. Kaeni na mtu wenu mumuulize: Bwana, hili nimelisikia, unalijuaje? Ningemuuliza Kombo hivyo tu, angenijibu kwa sentensi moja, tukakaa wawili tukamtafuta mbaya wetu. Pengine hata yule wa msikitini tungemjua.

Kuna mkuu kashanitumia PM baada ya kuona kichwa cha uzi, anasema "mama unaonekana mjanja sana, nifundishe". Ujanja nimeshauona mwisho wake, mkuu.

Kombo anaendelea na kazi. Wageni wanapokelewa, maji yanatoka, hakuna aliyelalamika. Ukiangalia review zangu huoni kama kuna kilichotokea.

Ila juzi pampu iliharibika na wageni wamo njiani. Nikampigia Kombo aende haraka aifungue aone ina nini. Akasema sawa shemegi, subiri kidogo, namtafuta mtu.

Nikamuuliza, mtu wa nini, fundi?

Akasema hapana. Mtu wa kufuatana naye tu. Siku hizi haingii nyumba ile peke yake, anataka awe na shahidi.

Hakunisema vibaya. Alisema kama mtu anayeeleza utaratibu wa kazi.

Aliyewahi kumshuku mtu wake wa ndani akamkuta msafi, naomba aniambie alifanya nini mpaka yule mtu akaingia tena peke yake. Andikeni hapa hapa chini, hata kama ni kunisema. Nazisoma zote.